Rola Kwenye Kona

Kazi ya kwanza niliyoichora nikajivunia ilikuwa kona. Haikuwa jengo wala mashine nzima. Ilikuwa kona tu: pale ambapo chupa za maji, zikitoka kwenye mashine ya kujazia, zinapinda kwenda kubandikwa lebo. Niliichora hapa Kasulu, kwenye chumba cha nyuma cha karakana ya kuchomelea vyuma, na jina lililoandikwa chini ya mchoro ule si langu.

Nilizaliwa Kibondo. Babu na bibi walitoka Burundi, wazazi wangu wakapata uraia, mimi nikakua sijui kwingine. Nyumbani tunaongea Kirundi, sokoni Kiha, shuleni Kiswahili, na hicho Kiswahili changu hadi leo kina mlio wa nyumbani. Mama anauza unga wa muhogo sokoni. Kwa unga huo nilisoma chuo cha ufundi Mwanza, fani ya mitambo, na huko chuoni ndiko nilikopata rafiki.

Alikuwa msichana wa Dar es Salaam, mchangamfu, mwepesi wa maneno. Tulikaa chumba kimoja, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Kompyuta ilikuwa yake. Mimi sikuwa nayo, kwa hiyo tulipatana bila hata kuandikiana: yeye ananiachia kompyuta, mimi nachora michoro yetu wote wawili. Mwalimu akiuliza swali darasani, yeye ndiye anayesimama kujibu. Nilikuwa namweleza usiku, asubuhi anayasema vizuri kuliko mimi niliyemweleza. Sikuona ubaya. Likizo moja nilikuja naye Kibondo, akala ugali wetu wa muhogo bila kuubagua, akamwita mama yangu mama. Siku ya kuondoka mama alimpa kitenge kipya alichokuwa amejiwekea mwenyewe.

Tulipomaliza chuo yeye alirudi Dar, akajishikiza kwenye ofisi ya bwana mmoja anayechukua kazi ndogondogo za viwanda. Mimi nilipata kazi Kasulu kwa mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye nyuma ya duka ana karakana. Ni mtu wa swala, ukoo wao asili yake ni Tanga, lakini amezaliwa hapa na Kiha anakijua kunishinda. Aliniajiri niwachoree wateja mageti na grili za madirisha kwenye kompyuta, waone kitu chao kitakavyokaa kabla chuma hakijakatwa. Akaniita binti, akanipa meza, na hakuuliza tena nilichosoma.

Siku moja rafiki yangu akapiga simu.

"Shoga, nimepata kazi ya kiwanda cha maji, lakini nimebanwa mpaka kichwa kinauma. Kuna kona ya rola, inanishinda. Nisaidie."

"Nitumie vipimo."

"Na jina lako tutaweka. Tutaandika wote wawili. Hii ikipita, shoga, tumetoka!"

Alinitumia vipimo, nikaanza siku ileile, baada ya kumaliza geti la mteja.

Nieleze kidogo, maana watu huniuliza kona ina ugumu gani. Chupa zinatembea juu ya rola, yaani vyuma vya mviringo vilivyopangwa sambamba, kila kimoja kinazunguka. Kwenye programu ya kuchorea huchori rola zote. Unachora moja, unachora mstari wa njia, kisha unaiamuru kompyuta irudie ile moja kufuata mstari, kwa nafasi unayoitaka. Njia ikiwa imenyooka, ni kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Ikipinda ndipo mambo yanapoanza.

Mara ya kwanza rola zangu zilifuata mstari vizuri lakini zote zikatazama upande mmoja, kama wanafunzi walioambiwa "kulia geuka" na hakuna aliyegeuka. Nikatafuta mpaka nikapata pa kuiambia kompyuta kwamba kila rola igeuke na njia. Zikageuka. Lakini sasa upande wa ndani wa kona zilibanana hadi kuingiliana, na upande wa nje zikaacha mapengo ambayo chupa ingedumbukia. Nikipanua ndani, nje panazidi kuwa wazi. Nikibana nje, ndani zinakanyagana. Nilikaa na jambo hilo mchana baada ya mchana. Umeme ukikatika, mzee anawasha jenereta kwa ajili ya kuchomelea, nami nadandia humohumo. Mafundi wakipita nyuma yangu wanacheka.

"Dada, bado unazungusha zile soseji?"

Jibu lilinijia kutoka shule ya msingi. Kila sherehe ya shule tulikuwa tunacheza gwaride, na mistari ikifika kwenye kona, aliye ndani anapiga hatua hapohapo alipo, karibu hasogei, na aliye nje anatupa miguu mirefu ili mstari usivunjike. Mimi kwa urefu wangu niliwekwa nje siku zote. Nilirudi nyumbani na mapaja yanauma. Nikaelewa kwamba rola ya kwenye kona haiwezi kuwa sawa mwanzo mpaka mwisho. Lazima iwe nyembamba kwa ndani na nene kwa nje, ili ikizunguka mara moja upande wa nje usukume chupa mbali zaidi. Nikaichora hivyo. Nikauhamisha mstari wa kupimia kutoka katikati ya njia, nikauweka ukingo wa ndani, nikatoa nafasi kutoka hapo. Zikakaa: ndani hazikubanana tena, na unene wa nje ukaziba mapengo. Nilikuta kosa moja tu, pale njia iliyonyooka inapokutana na kona: rola ya mwisho ya kule na rola ya kwanza ya huku zilikuwa zimekaa mahali pamoja, moja juu ya nyingine, na kwenye skrini zinaonekana kama moja. Nikafuta moja.

Nilimpigia simu nikiwa na furaha ya kitoto. Nikamweleza habari ya gwaride, akacheka sana, akasema mimi ni mwehu mwenye akili. Kisha akaniomba kitu kimoja. Ndani ya faili, sehemu zote nilikuwa nimezipa majina ya nyumbani. Mstari wa njia niliuita inzira, ndivyo tunavyosema njia. Nilifanya hivyo kwa kuwa nilikuwa nachora peke yangu, na mtu akiwa peke yake hufikiri kwa lugha ya mama yake.

"Badilisha hayo majina, shoga. Watu wa huku watadhani faili limeingia virusi. Weka Kiingereza."

Nikabadilisha yote, moja baada ya jingine, kwa mkono wangu. Nikamtumia. Akanijibu kwa mioyo mingi myekundu. Baada ya muda akaniandikia, "Wameipenda!" Nikauliza majina yamekaaje. Hakujibu hilo. Baadaye akawa hajibu mengi. Nikimpigia ananiambia yuko kwenye kikao. Nikadhani kweli yuko kwenye kikao.

Ulipita muda, mvua zikaja zikaenda. Nikaona kwenye mtandao tangazo la kampuni moja ya Mwanza inayofunga mitambo viwandani. Walitafuta mchoraji, na kila mwombaji atume mfano wa kazi yake. Mimi nilikuwa na mageti, nilikuwa na grili, na nilikuwa na kona. Nikatuma kona. Wakaniita.

Basi la Mwanza linapita Kibondo. Mama alikuja stendi kunipokea na kuniaga kwa dakika zilezile ambazo abiria wanashuka kununua ndizi. Alinipa mihogo ya kuchemsha ndani ya mfuko na chumvi pembeni, akanishika kola ya shati akainyoosha.

"Ongea taratibu," akaniambia. "Wakiuliza kwenu, sema Kibondo. Usiongeze neno."

"Mama, mimi ni Mtanzania."

"Ego," akaitikia kwa Kirundi, "najua. Ndiyo maana nimekwambia usiongeze."

Kwenye usaili walikuwa wanaume wawili na mwanamke mmoja. Mwanamke ndiye aliyeanza, kwa upole, akaniuliza ya chuo na ya karakana. Kisha yule mwanaume mkubwa akafungua mchoro wangu kwenye kompyuta yake. Akautazama. Akamtazama mwenzake.

"Kazi hii umeitoa wapi?"

"Nimeichora mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, mkuu. Nilikuwa Kasulu."

Akabofya, akaigeuza kompyuta kunielekea. Kwenye skrini kulikuwa na kona yangu. Ileile, rola kwa rola, ila imetiwa rangi ya buluu na kuwekewa chupa juu ili ipendeze.

"Binti, kazi hii tunaifahamu. Aliyeichora tumemwajiri hapa, kwa sasa yuko safarini." Akataja jina. Lilikuwa la rafiki yangu.

Nikasema tulisoma pamoja, nikasema alinipa vipimo mimi nikachora, nikasema niulizeni chochote kuhusu kona hiyo nitawajibu. Nilisema haraka, jambo alilonikataza mama, na kadiri nilivyoharakisha ndivyo Kiswahili kilivyonitoka na mlio wote wa nyumbani. Yule mwanaume wa pili akatabasamu kidogo. Sijui kama alitabasamu kwa ajili ya mlio au kwa ajili ya maneno.

"Mtu akikaa sana na kazi ya mwenzake, anaweza kuieleza yote," akasema mkubwa. "Na kama mlisoma pamoja, ndiyo ilikuwa rahisi zaidi kuipata."

Sikuwa na cha kuwaonyesha. Faili nililokuwa nalo lilikuwa sawasawa na la kwake, na mafaili mawili yanayofanana hayasemi lipi lilianza. Simu niliyokuwa nayo enzi zile ilishakufa na mazungumzo yetu yote. Mwanamke alinisindikiza mpaka mlangoni. Pale mlangoni akaniambia, kwa sauti ya mtu anayekutakia mema, "Mdogo wangu, usirudie. Huko mbele utakutana na wakali kuliko sisi."

Ningependelea anitukane.

Nilimpigia rafiki yangu nikiwa nje ya geti lao, juani. Nilidhani hatapokea. Alipokea.

"Nimetoka ofisini kwenu," nikamwambia.

Akasema, "Kwa nini hukuniambia kama unaomba?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia kama umeajiriwa kwa kona yangu?"

"Usianze hivyo. Kazi ilikuwa yangu, wewe ulinisaidia kipande."

"Tulisema majina mawili."

"Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja, shoga. Mmoja. Na niambie ukweli, wewe ungeweza kusimama mbele ya wale watu ukaongea? Kwa Kirundi chako hicho? Mimi niliisimamia. Niliiuza. Mchoro haujisemei."

Nilitaka kumjibu na sikupata neno hata moja, jambo ambalo, kwa bahati mbaya, lilimpa haki. Nikakata simu.

Wakati wa kurudi nilishuka Kibondo. Mama alikuwa sokoni, mikono myeupe kwa unga. Alinitazama usoni akafunika beseni.

"Uliwaambia asili yetu?"

"Hawakuuliza, mama."

"Oya," akakana, "hawaulizi. Wanasikia tu."

"Si hilo. Ni yule rafiki yangu wa chuoni. Alichukua kazi yangu akasema ni yake."

"Yupi? Yule niliyempa kitenge?"

"Huyohuyo."

Alikung'uta unga vidoleni. Kisha akasema, "Labda hamkuelewana." Nikaeleza upya, tangu mwanzo. Akasikiliza, akatikisa kichwa, na mwisho akarudi kulekule: kwamba watu wa mjini wakisikia tunavyoongea hufunga mlango, tangu zamani, na mimi nisijisumbue kutafuta sababu nyingine. Mama alikuwa na adui wake aliyemzoea miaka yote. Hakutaka nimletee mwingine, tena aliyekula chakula chake na kulala kwenye mkeka wake. Nilimkasirikia sana siku ile. Nilipanda gari la Kasulu bila kula.

Mzee wa karakana aliponiona alisema, "Alhamdulillahi umerudi salama. Kuna mteja wa Manyovu anasubiri geti." Sikuwa nimemwambia nilikokwenda, lakini alijua, mji wenyewe ni huu. Baadaye, akipitia mchoro wa geti, akaongeza bila kuniangalia, "Sasa utatulia." Hakuwa na ubaya. Alifurahi tu, na furaha yake iliniuma kama ubaya.

Ningeishia hapo kama mfanyabiashara mmoja asingefungua kiwanda kidogo cha maji pembeni mwa mji wetu, upande wa soko. Mitambo ililetwa na kampuni ileile ya Mwanza. Walihitaji karakana ya karibu ya kukata na kuchomelea miguu ya kusimamishia njia ya chupa, na kazi ikaja kwetu. Asubuhi moja gari lao likasimama mbele ya duka, na rafiki yangu akashuka, amevaa buti na kofia ngumu ya kazi.

Alimwamkia mzee kwa adabu zote, akamuuliza hali ya nyumbani, mzee akafurahi. Kisha akaingia nyuma akanikuta mezani.

"Jamani! Bado uko hapa?" Akanyoosha mikono kunikumbatia.

Sikusimama. Akaishusha mikono, akaigeuza kuwa kuvua kofia.

"Una hasira bado," akasema kwa sauti ya chini.

"Vipimo vya miguu viko wapi?" nikamuuliza.

Akanipa. Nikachora miguu. Nilichora vizuri, sikuharibu hata mmoja, ingawa niliwaza kufanya hivyo. Mafundi wakachomelea, na siku ya kufunga mzee akaniagiza niende nao kuhakikisha urefu.

Basi nikaiona. Miaka yote niliiona kwenye skrini tu, na sasa ilikuwa chuma, inang'aa, rola zimefuata njia yote ya kona kama nilivyozipanga. Wakawasha. Chupa zikaja zimejipanga, zikaingia kwenye kona, zikapinda zote pamoja bila hata moja kuyumba, zikatoka upande wa pili. Mwenye kiwanda alipiga makofi. Mimi nilisimama nyuma na mafundi wa kuchomelea, nimeshika futi ya kupimia, nisijue kama ninachoona ni fahari au nini.

"Siri ni hizi rola," rafiki yangu alimweleza mwenye kiwanda, akionyesha kwa kidole. "Ona, ndani nyembamba, nje nene. Ni kama watoto wa shule kwenye gwaride wakifika kona: wa ndani anapiga hatua palepale, wa nje anatupa miguu. Mimi nilikuwa mrefu, nilikuwa nawekwa nje siku zote."

Kwamba alichukua mchoro, nilishazoea. Hili sikuwa nimelitegemea. Yeye ni mfupi. Alikuwa mfupi tangu chuoni, mimi ndiye niliyekuwa nikimshushia vitu vya juu kabatini.

"Gwaride ulicheza shule gani?" nikamuuliza, kwa sauti, mbele ya wote.

Akageuka. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa uso ninaoujua, wa msichana wa kitanda cha chini ambaye mwalimu amemuuliza swali ambalo sikuwa nimemweleza. Kisha akacheka.

"Si shuleni kwetu, kama kila mtu! Wewe hukucheza?"

Mwenye kiwanda akacheka, mafundi wakacheka, chupa zikaendelea kupita. Hakuna aliyeelewa kitu.

Wakati wa kuondoka alinivuta pembeni, karibu na gari.

"Nisikilize. Nafasi ya msaidizi ipo. Naweza kukuombea, mimi wananisikiliza. Utakuwa chini yangu kwa muda tu, halafu tutaona."

"Utawaambia nani alichora kona?"

Akatazama buti zake. "Hilo lishapita. Ukilifukua tutaharibikiwa wote wawili. Mimi nakupa njia."

"Sitaki."

"Fikiria."

"Nimefikiria. Sitaki."

"Basi usije ukasema sikukukumbuka," akasema, na nadhani alisema kwa dhati. Nadhani alipopanda gari lile alijiona mtu mwema aliyekataliwa.

Mama aliposikia nimekataa aliniuliza kiburi hicho nimekitoa wapi, maana kwao hakipo na kwa baba hakipo. Fundi mkuu wa karakana, ambaye nilimsimulia yote, alisema ningeenda, nikae chini yake, nijifunze mdomo, kisha nimpite. Zipo siku nakubaliana na fundi. Zipo siku nachora grili ya dirisha la choo huku najiuliza ni nani hasa niliyemkomoa. Katika sikukuu rafiki yangu hunitumia salamu zenye maua. Sijibu, na sijafuta namba yake. Mchana, nikitaka kula, napita njia ya nyuma ya soko, ambayo ni ndefu zaidi, kwa sababu ile ya mbele inapita kwenye geti la kile kiwanda.